Mashine ya Pili Iko Jumanne

...na ibaki hapo hapo Jumanne, isisogee, kwa sababu Jumanne mtoto wangu alikuwa bado hana jibu, alikuwa mtoto tu, wa kunyonya na kupiga chafya, Musili wa kompyuta amepiga magoti mbele ya mashine ya pili, kiti chake amenipa mimi, akatandika sweta yake kwanza kwa kuwa chuma kina baridi, wala sikumwomba, ile mashine kubwa ilikufa asubuhi stima iliporudi kwa nguvu, na jibu la damu ya Mwihaki liliingizwa humo Ijumaa, kama ana virusi vyangu au hana, sista Lornah alisema karatasi haijachapishwa, ngoja kidogo mama, kisha akasugua viganja vyake vipate joto kabla ya kumshika mtoto, mbona wananitendea wema hivi kama jibu si baya... Musili anabonyeza, anasoma, ananieleza bila kugeuka kwamba hii ya pili hunakili kila kitu kinachoandikwa kwenye ile kubwa, "Imeshapokea yote, Mama Mwihaki, ni kuandika tu haijamaliza, inafuata siku kwa siku. Saa hii iko Jumanne," polepole, nasema moyoni, polepole, kule Mountain View Shosho anatungoja, mama mkwe wangu, mtoto amepewa jina lake kama ilivyo desturi, kwa hiyo kila asubuhi anamfunua shali na kumuuliza, "Mimi nimelalaje?" na mtoto akikohoa husema leo nimekohoa, nipake mafuta kifuani, nitamwambiaje, hajui hata habari yangu, nitaanzia wapi, Shosho, wewe mdogo ni mgonjwa, na ugonjwa umetoka kwangu... amelala sasa, mdomo wazi, ameshika kidole changu, mkono wake una joto, au joto ni langu... Jumatano, Musili anasema, mtu wa maabara anamtania kutoka dirishani kwamba hata mkokoteni wa River Road ungekuwa umefika Upper Hill, anacheka, kisha ananiona, anaacha kucheka, huo nao ni wema... imeshapokea yote, alisema, yote yamo ndani, basi hata mashine hii inalo jibu tayari, haijalisema tu, na damu ya Mwihaki inalo, inalo tangu siku ile sista alipomchoma kisigino na mimi nikaangalia ukuta, kama ni ndiyo ilikuwa ndiyo tangu hapo, na amekaa nalo peke yake, analala nalo, ananyonya nalo huku akinitazama usoni, na mimi mama yake nimekaa hapa kwenye sweta ya mtu nikiomba Jumanne isiishe... mtu mdogo hivi, kumwachia kitu kama hicho akibebe mwenyewe... sista amechungulia mlangoni kuuliza, Musili ametikisa kichwa, bado ni Jumatano, na nasikia sauti yangu ikimuuliza, "Haiwezi kwenda haraka kidogo?"