Onyo Lililokatwa

Wagonjwa wote wa siku walitoweka kwenye kioo cha kompyuta kwa mpigo, mpimaji akitazama. Walikuwa wagonjwa wa kubuni, majina ya majaribio tu. Hata hivyo aliondoa mikono kwenye kibodi kana kwamba imemuunguza.

Kazi yake ilikuwa kupima maelezo ya zana. Kampuni iliuza wakala, yaani programu inayopewa kazi kwa maneno ya kawaida kisha yenyewe ikachagua zana ya kutumia: hii ya kutafuta faili, ile ya kutuma ujumbe, nyingine ya kubadili miadi ya hospitali. Wakala haoni ndani ya zana. Husoma maelezo tu, kama mtu anayekunywa dawa kwa kuamini karatasi iliyobandikwa kwenye chupa. Karatasi ikinyamaza, shauri yake mnywaji.

Na karatasi ya zana hii ya miadi ilikuwa imenyamazishwa. "Huahirisha miadi ya mgonjwa kwa wiki moja." Basi. Siku chache nyuma aliyasoma maelezo hayo yakiwa na onyo: nafasi ya jina ikiachwa tupu, zana huahirisha wagonjwa wote wa siku. Alikumbuka vizuri, kichwa chake hakikuwa gunia lililotoboka. Sasa alikuwa amemwambia wakala jambo linalotokea mapokezi kila kukicha: mgonjwa kapiga simu anaomba kusogezwa, jina halikusikika. Wakala alipaswa kuuliza. Hakuuliza. Aliacha nafasi ya jina tupu, akafagia wote.

Mpimaji alimwendea msimamizi, kijana mwenye sauti ya upole waliyembandika jina la Mkasi, kwa kuwa kila maelezo yaliyopita mikononi mwake yalitoka yamekonda. Ofisini pale maelezo mafupi ndiyo yaliyopewa alama za juu. Wakala huyasoma haraka, mteja hufurahi, wakubwa meno nje.

"Lile onyo liko wapi?"

"Lipi tena, mama?"

"Unalijua."

Mkasi hakuinua macho. "Lilirefusha maelezo. Bila hilo zana imepata alama zote. Halafu nani mwenye akili timamu ataacha jina tupu?"

"Wakala ameacha. Sasa hivi, mbele ya macho yangu."

"Hayo ni majaribio."

"Basi isiende hospitali mpaka onyo lirudi."

Hapo ndipo Mkasi alipomtazama. "Ilishakwenda, mama. Inafanya kazi tangu asubuhi. Tunangoja alama zako tu, kutimiza utaratibu."

Mdogo wake wa tumbo moja alikuwa hospitali hiyohiyo, akingoja kusafishwa damu kwa mashine, maana figo zake zilikwisha kustaafu, kama mwenyewe alivyopenda kutania. Kwake yeye wiki nzima bila mashine ilikuwa kaburi.

"Izime."

"Kuzima kunataka ruhusa ya juu. Na wewe usilikuze jambo. Wale waliopiga kelele mwaka juzi wako wapi leo?"

Aliwakumbuka kwa sura, mmoja mmoja, na viti vyao vilivyopewa wengine kabla havijapoa. Alikumbuka pia nani aliyewasindikiza mlangoni akitabasamu. Akatoka hadi kwenye ngazi, akampigia mdogo wake simu.

"Dada, mbona unahema hivyo?"

"Uko wapi?"

"Getini, naondoka. Wanasema kompyuta imetuahirisha sote mpaka wiki ijayo. Nesi mwenyewe anashangaa, ila anasema ndivyo ilivyoandikwa."

"Rudi ndani."

"Nikafanye nini? Jina langu halipo."

"Asubuhi lilikuwepo. Ni kosa la programu, nimeliona. Wenzako je?"

"Wanatawanyika. Yule mzee wa magongo anaingia kwenye teksi."

"Mzuie. Wazuie wote. Kaeni mlangoni pa chumba cha mashine, nesi akija mpe simu."

"Wakituitia askari?"

"Waje. Watakuta wagonjwa wamekaa."

"Na kazi yako, dada?"

Mlango ulifunguliwa nyuma yake. Mkasi alikuwa amenyoosha mkono. "Kitambulisho," alisema, kwa upole uleule.

Simuni mpimaji alisikia sauti ya mdogo wake, kavu, ikiita: "Jamani, msiondoke. Mzee, shuka kwenye hilo gari, ukitibiwa leo utatuzika sisi sote." Mtu akacheka, mwingine akalia. Viti vikaburutwa. Baada ya muda mrefu ikaja sauti ya mwanamke aliyechoka.

"Mimi nesi wa zamu. Kosa lenyewe ni lipi?"

Mpimaji alimsomea onyo lililokatwa, neno kwa neno, huku mkono mwingine ukihangaika kufungua kamba ya kitambulisho shingoni.

"Una uhakika? Nikiwasha mashine bila ruhusa, nitakayeulizwa ni mimi."

"Nitaje. Waambie watuulize sote wawili." Akampa jina lake kamili, mbele ya Mkasi.

Nesi akawaambia wagonjwa: "Mzee wa magongo aingie kwanza, miguu imeshamvimba. Wengine msiinuke."

Mdogo wake alikuwa bado kwenye foleni. Mpimaji akaketi kwenye ngazi, simu sikioni, asithubutu kuikata.