Suruali ya Kiuno cha Thelathini na Nane

"Nguo zako zimeanza kukupwaya?" daktari aliuliza.

Fundi cherehani alijitazama. Suruali ya kijivu ilimkaa kiunoni kama siku aliyoikata. "Hapana, daktari. Zinanikaa sawasawa," akajibu taratibu, maana kidonda cha ulimi kilimfanya ayapime maneno.

Daktari akaandika. Upasuaji ungekuwa Jumatatu. Alikwisha kumweleza kwamba saratani ya mdomo haitazamwi kwa ukubwa wa uvimbe tu, hutazamwa pia kwa hali ya mwili ulioibeba: kama mtu anavuta sigara, kama ana sukari, kama amekonda. Mwili uliokwisha nguvu huweza kushindwa kupona hata mpasuaji akifanya kazi safi. Sigara fundi alikwisha kuziacha. Sukari hakuwa nayo. Na nguo, kweli, zilimkaa.

Nyumbani mkewe, aliyemshonea vifungo dukani miaka thelathini, aliichukua ile suruali aifue. Alipoigeuza ndani nje, akaacha maji yakimwagika, akaja nayo mezani.

"Fundi, hii nini?"

Nyuma ya kiuno kulikuwa na mishono mitatu, kila mmoja umeusogelea mwili kuliko uliotangulia.

"Nimeipunguza kidogo."

"Mara tatu?"

"Sasa mama, fundi atembee na suruali inayompwaya? Wateja wataniamini vipi?"

"Haya. Watakuja kukusifia ulivyopendeza kwenye jeneza."

Fundi akacheka, kisha akalishika shavu kwa maumivu. Mkewe hakucheka.

"Nikimwambia daktari ataahirisha," akasema fundi. "Mimi nataka kitu hiki kitoke."

"Kitoke. Na wewe nataka utoke humo chumbani ukiwa hai."

Mkewe akaiweka suruali mapajani mwa fundi, akaondoka kufunga bomba.

Fundi alikuwa ameikata suruali hiyo kwa ajili ya harusi ya binti yao mkubwa. Kiuno thelathini na nane. Mkewe alishika ncha moja ya kitambaa, yeye nyingine, wakabishana kuhusu mifuko. Siku ya harusi alikula kwa raha zake, akacheza mpaka kifungo kikaruka katikati ya watu. Mkewe akapiga magoti, akakishona palepale suruali ikiwa mwilini. "Vuta tumbo, baba," alimwambia, na wote wawili wakashindwa kujizuia kucheka. Sindano ilimchoma mara mbili. Hata leo angeweza kuonyesha mahali.

Fundi akachukua wembe. Mshono wa kwanza aliushona nyama ilipomshinda kutafuna. Wa pili, mkate. Wa tatu ulikuwa wa mwezi uliopita, alipobaki na chai. Akafumua yote.

Kesho yake aliingia kwa daktari ameivaa suruali ile, ameishikilia kiunoni kwa mkono isimvuke.

"Jana ulisema hazikupwayi."

"Nilikuwa nazipunguza, daktari. Ndiyo kazi yangu."

Daktari akampandisha kwenye mizani, kisha akaifuta Jumatatu. Wiki mbili za kulishwa kwanza, kwa mrija ikibidi. Atapona au hatapona, hakuahidi. Alisema tu kwamba sasa anajua anampasua nani.

Nje mlangoni mkewe alichomoa pini kwenye kola yake. "Njoo nikubane, utaniaibisha."

Fundi akausogeza mkono wa mkewe pembeni, polepole.

"Iache. Nitaijaza."