Maharage ya Majirani

Zénon alipostaafu, baada ya miaka thelathini na mmoja ya kufunga tai katika wizara moja kule Rohero, katikati ya jiji, mkewe Caritas alitarajia atalala mpaka saa mbili na kulalamikia joto kama wastaafu wenzake wa mtaa wao wa Kibenga. Zénon akaanza kuokota vizibo vya bia.

Aliviokota katika kabare zote za mtaani, akiinama na heshima zake zote huku wanywaji wakimtazama. Kutoka viwandani, Zone Industrielle, alirudi na magunia yaliyotoboka, na kwa mafundi cherehani aliomba vipande vya vitenge. Vyote alivibandika kwa gundi kwenye mbao, akavipaka rangi, akarudi nyuma hatua tatu na kujisifu kimoyomoyo, ingawa moyo wenyewe ulisikika mpaka jikoni.

Caritas hakubisha. Kila Jumamosi aliendelea kupiga pasi zile tai, zote arobaini, na kuzitundika kabatini, kwani huwezi kujua, wizara inaweza kumkumbuka mtu. Na kusema kweli, tai hizo ndizo zilizofanya aitwe Mama Direkta, mke wa mkurugenzi. Alilipenda jina hilo, na aliogopa kulipoteza.

Alasiri moja ya Jumapili majirani sita waliingia uani kwa mstari, vikapu kichwani: maharage, mchele, unga wa muhogo. Rénovat, ambaye mtaani hapo hakuna harusi wala msiba unaopita bila hotuba yake, akakohoa.

"Mama Loïc, jirani ni ndugu," alimwambia Caritas. "Tunaona muzee anaokota vizibo na magunia. Tukajua pansiyo haiingii. Musisikie haya, hii ni kidogo tu."

Caritas alitamani ardhi ipasuke immeze. Akisema ukweli, kwamba pensheni inaingia kila mwezi, atawaaibisha watu waliojinyima kwa ajili yao. Akinyamaza, kesho Mama Direkta atakuwa Mama Masikini. Na vikapu havikataliwi, maana kukataa ni kumtemea jirani mate. Akamtazama mumewe amwokoe. Zénon, gundi mpaka viwikoni, alitoa hotuba ya shukrani ndefu kuliko ya Rénovat, akawaalika warudi baada ya wiki tatu, kwa kuwa kikapu hakirudishwi kitupu. Kuhusu pensheni hakusema neno.

Caritas alinuna wiki zote tatu, akagoma hata kushika pasi. Zénon alikuwa hana habari. Alikuwa akichambua maharage, mekundu huku, ya njano kule.

Siku ilipofika, Caritas alimwomba jambo moja tu: mbele ya wageni avae tai. Zénon akajibu kwamba tai ziko tayari. Kisha akatoka shingo wazi, akavuta shuka lililofunika ubao.

Walikuwa wao wenyewe, majirani sita wanapanda njia ya magunia, wamevaa vitenge, na vikapu vimejaa maharage yaleyale. Tumbo la Rénovat lilikuwa la vizibo, na lilikula theluthi ya ubao. Watu walicheka mpaka wakakaa chini.

"Tumbo yangu si kubwa hivi," Rénovat alisema. Akamgeukia Zénon. "Sasa, pansiyo inaingia?"

"Inaingia."

"Basi rudisha maharage."

"Apana. Ilishashikwa na gundi."

Caritas peke yake hakucheka. Alikuwa akitazama mwisho wa njia, pale mwanamke mmoja, mrefu kuliko wote, alikuwa amesimama mlangoni akipokea wageni. Vazi lake lilishuka kutoka begani mpaka miguuni, milia ya buluu, ya kijani, ya madoadoa. Kifuani palikuwa na mlia mwekundu wenye alama ya kuungua. Aliijua alama hiyo. Aliiunguza mwenyewe kwa pasi, mwaka aliozaliwa mwanawe Loïc.

"Ulizikata zote?" aliuliza.

"Mi nilizivaa tu," Zénon alisema. "We ndiye ulizipiga pasi, miaka yote ile."

Caritas akalia waziwazi mbele ya wageni, kwa furaha na kwa hasira kidogo, na kwa mara ya kwanza mtaani hapo Rénovat alikosa hotuba.

Jumatatu alasiri wanywaji wa kabare ya jirani walimkuta mama mmoja ameinama chini ya meza yao, anachagua vizibo vya kijani. Mmoja wao alimwita Mama Direkta, kwa mzaha. Naye akaitika, akamwomba ainue mguu.