Ushahidi wa Kifua

Tangu saa moja asubuhi Khadidja alikuwa amepiga magoti ndani ya tangi, akisugua mabamba ya chuma kwa siki na mchanga. Kutu ilikuwa imeshika kwa miaka miwili, tangu umeme ulipokatwa katika matangi yale, na sasa ilitakiwa itoke kabla ya saa nne.

"Mama Khadidja, usisugue sana," alisema Gélase, msimamizi wa kazi, akichungulia kutoka juu. "Iking'aa sana watajua ni ya leo."

"Basi niache kutu?"

"Acha kidogo. Kama ya juzi."

Khadidja alitaka kucheka, lakini kikohozi kilimwahi. Kilimshika pale pale magotini, kikamkunja mpaka paji la uso likagusa bamba, kikamwachia ladha ya chuma mdomoni. Gélase alitazama pembeni akisubiri kipite. Naye alikuwa na chake, ila cha kwake alikimeza mbele za watu, kwa kuwa yeye ni msimamizi.

Kiwanda kilikuwa cha javeli, yale maji makali ya kung'arisha nguo na kuua vijidudu, na kilikaa katika mtaa wa viwanda, bondeni. Mwenyewe, Patron Armel, alikaa Kiriri, juu, kwenye upepo. Kwa miaka kumi na tisa Khadidja alitengeneza javeli kwa njia ya haki: chumvi, maji na umeme. Alijua tangi linalowahi na tangi linalochelewa, kama mama anavyowajua watoto wake. Kisha ukaingia unga wa javeli, wa kukoroga tu na maji. Ulitoka nchi ya mbali ambako serikali huwalipia wenye viwanda sehemu ya gharama, ukafika Bujumbura kwa bei iliyo chini hata ya bei ya chumvi. Armel alikwenda kulia Kigobe, kwenye ofisi za serikali, kwamba anauawa na wageni. Wakubwa wakamsikiliza, wakaweka ushuru mzito juu ya unga, wa miaka mitano, ili wafanyakazi wa nyumbani wasife njaa.

Basi mwaka wa tatu wa ushuru Armel akazima matangi na kuanza kununua unga ule ule.

Alikuwa na karatasi inayosema kwamba unga wake ni wa maabara, hautozwi ushuru. Waliotozwa ni akina mama wa sokoni waliokuwa wakikoroga javeli yao kwenye ndoo. Hao walimalizika wote mwaka wa kwanza. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, nao wateja wakabaki na javeli ya Armel peke yake, kila mwezi nyepesi kuliko mwezi uliopita. Ndani ya kiwanda, wanawake kumi na wawili walichota unga kwa masahani, wakaukoroga kwenye mapipa, na vumbi lake likapanda puani na kushuka kifuani. Waliomba barakoa. Waliambiwa wafunge vitambaa. Houda, aliyechota pamoja na Khadidja bega kwa bega, sasa yuko nyumbani kwake Buyenzi tangu mwezi wa Ramadhani. Hawezi kulala chali. Analala ameketi, mgongo ukutani, mdomo wazi.

Leo tume ya ushuru ilikuwa inakuja. Miaka mitano ilikuwa imekwisha, na ilibidi waamue: ushuru ubaki au uondolewe. Ubaki kama kuna kiwanda cha kulindwa. Ndiyo maana kutu ilisuguliwa. Ndiyo maana magunia matatu ya chumvi yalipangwa mlangoni, na sare mpya za buluu zikagawiwa, pamoja na glavu na barakoa, vyote vya kurudishwa jioni. Mapipa ya unga, arobaini na mawili, yalikuwa yamehamishiwa tangu jana katika chumba cha swala cha wafanyakazi, chini ya turubai. Hilo lilikuwa wazo la Armel mwenyewe. Alisema hakuna mkubwa atakayekubali kuvua viatu.

"Leo iko siku yenu," Armel aliwaambia uani, shati lake jeupe likimeremeta. "Ushuru ikianguka, mi nafunga mulango, naenda zangu. Nyinyi mutaenda wapi? Ikibaki, tunawasha tena matangi. Kila mutu na barakoa yake. Nimeapa."

Miaka mitano nyuma pia alikuwa ameapa, kwamba matangi hayatazimwa. Lakini Khadidja alikuwa na mawazo yake. Aliamini, na hapa ndipo alipokosea, kwamba tume haijui. Watu wa Kigobe wako mbali na karatasi ni nyingi. Lazima Armel amewadanganya. Wakiona mapipa kwa macho yao, watamnyang'anya ile karatasi ya maabara. Ushuru utabaki, unga utakosa njia ya kuingia, na Armel atake asitake atawasha matangi. Vumbi litakwisha. Yeye atapona, na Houda huenda akalala chali. Hakutaka zaidi ya hayo, na aliona ni jambo dogo sana kuomba.

Magari yalifika saa tano, manne, yenye viyoyozi. Mwenyekiti wa tume aliitwa Sylvère, mtu mnene wa sauti laini, aliyeshuka akiwa ameziba pua kwa leso yenye marashi. Nyuma yake alikuja Christa, karani wake, na kompyuta mkononi. Walizunguka. Waliona matangi yenye kutu kama ya juzi. Waliona chumvi. Mmoja wao alipiga picha gunia.

"Na nyinyi munajuaje kama imeiva?" Sylvère aliuliza.

Armel aliona fahari. Alimwita Khadidja. "Huyu mama iko hapa miaka makumi mbili na moja. Yeye ndiyo maabara yetu!"

Wakubwa wakacheka. Khadidja akachukua kipande cha kitambaa cheusi, kama alivyofundishwa na waliomtangulia. Kazi ilikuwa hivi: unadondosha tone moja la javeli kwenye kitambaa, unasoma Kulhuwallahu mara tatu, taratibu, bila kukimbia. Javeli ya chumvi iliyoiva hulifanya doa liwe jekundu kwenye ya pili na jeupe kwenye ya tatu. Hata Gélase, ambaye ni Mkatoliki, alikuwa amejifunza sura ile kwa ajili ya kazi, na aliisoma kwa lafudhi ya kanisani hadi wenzake wakawa wanamtania.

Alidondosha. Kabla hajamaliza hata ya kwanza, kitambaa kilikuwa cheupe pe, na kando ya doa zimebaki chenga kama za chokaa. Gélase, kwa kuogopa javeli isije ikawa nyepesi mbele ya wageni, alikuwa ametia unga maradufu katika javeli ya kuonyeshwa.

"Enhe?" alisema Sylvère. "Imeiva?"

Khadidja alitazama kile kitambaa.

"Hii si yetu, Excellence."

"Amechoka, amechoka," Armel akadakia.

"Sijachoka. Yetu inatoka kwa chumvi, haiachi chokaa. Hii ni ya unga. Unga iko mu chumba ya swala, mapipa arobaini na mbili. Matangi haijafanya kazi tangu miaka mbili. Tunachota na masahani, inatukula kifua." Maneno yalitoka yenyewe. "Twende nikuonyeshe."

Gélase aliinamisha kichwa. Sylvère alikunja leso yake, akaitia mfukoni, akasema kwa upole, "Twende, Mama. Tuonyeshe."

Mlangoni Khadidja alivua kandambili zake. Sylvère aliingia na viatu. Alikanyaga mikeka, akaacha alama za udongo mahali pa kuwekea paji la uso, na Armel akamfuata vilevile. Kisha Armel, bila hata jasho, akafunua turubai kwa mkono wake mwenyewe, kama mwenye duka anayefunua kitambaa kizuri.

Kila pipa lilikuwa limebandikwa karatasi. Sylvère alivaa miwani, akainama kwenye la kwanza, akasoma. Akacheka, kidevu kikimtikisika.

"Mais c'est ma signature, ça!"

Kifaransa cha Khadidja kilikuwa cha kuokoteza, lakini neno signature, saini, analijua kila aliyewahi kusimama kwenye dirisha la ofisi. Saini ile ilikuwa ya Sylvère mwenyewe. Hata hivyo yule mtu alimgeukia kwa uso wa huruma, huruma tele, akaanza kumuuliza. Anakohoa tangu lini? Usiku pia? Wangapi wengine? Huyo Houda, hawezi kulala kabisa? Christa alikuwa akipiga vidole kwenye kompyuta, akiyachukua yote. Na Khadidja, maskini, akajibu. Ukishazoea kutoulizwa, mtu akikuuliza unamwaga hata ya tumboni. Alisema kuhusu mate ya asubuhi, kuhusu ngazi asizoweza kupanda tena, kuhusu mdomo wazi wa Houda.

Sylvère alisikiliza hadi mwisho. Kisha akamsomea Christa maneno ya kuandika, mkono wake mmoja umeegemea juu ya pipa:

"Tume imejionea kwamba wafanyakazi wa kiwanda cha nyumbani wameumizwa vibaya na bidhaa ya kigeni inayouzwa kwa bei ya kutupa. Mama mwenye miaka ishirini na moja kazini amethibitisha jambo hilo kwa kifua chake mwenyewe. Kwa sababu hiyo tume inapendekeza ushuru ubaki, miaka mitano mingine."

"Na mapipa?" Khadidja aliuliza.

"Mapipa gani, Mama?"

"Haya, Excellence. Hii unashika."

Sylvère alitazama mkono wake kana kwamba ameukuta hapo kwa bahati. "Hii ni ya maabara," alisema. "Karatasi inasema hivyo."

"Maabara iko wapi?"

Sylvère aliondoa mkono pipani. Alimgeukia Armel akampiga bega. "Elle est bien, cette maman," akasema, akimsifu mama yule, na wote wawili wakacheka, kicheko cha watu waliokula pamoja siku nyingi. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga. Hawakusema ufanye nini pale kinapokuwa kimekaa mezani na kukuandikia ushahidi.

Christa alimletea karatasi. Alikuwa msichana wa rika la binti yake, na hakuinua macho. "Mama, tia kidole hapa."

"Mi najua kuandika."

Alisoma polepole, mara mbili. Alitafuta uongo, akaukosa. Ameumia kweli. Bidhaa ni ya kigeni kweli. Kifua ni chake. Uongo ungekuwa na nafuu, kwani uongo unaweza kuukana. Huu ulikuwa ukweli wake mwenyewe, wameuchuna kama mbuzi na kuuvaa. Angekataa, angekuwa amekataa nini? Kwamba anakohoa? Akaandika jina lake.

Baadaye walikula. Mishikaki na ndizi za kuchoma, uani, kando ya mapipa matupu ya kukorogea, na mafuta yakiwachuruzika vidoleni. Wanawake kumi na mmoja waliobaki, katika sare mpya, waliwanawisha mikono. Adhuhuri ilipoingia, waliswali juu ya saruji, kwenye jua, kwa kuwa chumba kilikuwa na mapipa na mikeka ilikuwa na udongo wa viatu vya tume.

Alasiri, magari yalipokwisha ondoka, Gélase alisimama langoni na gunia kukusanya sare, glavu na barakoa. Khadidja alikuwa wa mwisho. Alivua barakoa akamkabidhi, akangoja neno la kufukuzwa. Alikuwa amejiandaa kulipokea amesimama wima.

"Patron hajakasirika," alisema Gélase. Sauti ilikuwa ndogo. "Anasema umemusaidia kuliko avoka wake wa mahakama. Alhamisi utaenda Kigobe. Kuko wakubwa wengine, na wageni, wanataka kusikia mufanyakazi mwenyewe. Gari itakuchukua ku nyumba."

"Alhamisi? Mi kesho naenda kwa dokta, Gélase. Na Houda nitamupeleka."

Gélase alifunga mdomo wa gunia, akaufungua, akaufunga tena.

"Apana kesho. Patron anasema atalipa dokta yeye mwenyewe, dokta mukubwa, yako na ya Houda. Lakini kisha ya alhamisi kupita. Alhamisi haijafika, usikunywe hata sirop ya kikohozi." Alilitia gunia kwapani. "Anataka wasikie."

Khadidja alifungua kinywa amjibu. Kikohozi kikamtangulia. Kilimpinda kiuno, kikamfanya ashike vyuma vya lango kwa mikono miwili, kikamtoa machozi, na hakikutaka kwisha. Gélase alisimama pale na gunia lake la barakoa kwapani, akingoja, hadi alipoinua uso.

"Hivyo hivyo, Mama," akasema. "Lakini ungoje kwanza wakupe mikro ya kusemea."