Kimo cha Jiwe la Cwm Gwinau

"Popote," Mererid alisema, "popote pale isipokuwa Cwm Gwinau. Nimesema mara tatu, na gari halijatoka hata hapa kwenye kituo cha mafuta."

"Uliniambia nichague," Mabli alijibu kutoka kiti cha nyuma.

"Nilikuambia uchague kati ya vituo viwili."

"Hapo hakuna kuchagua, mama. Ni sawa na kuulizwa kama naanza na soksi ya kulia au ya kushoto."

Hefin, mkono mmoja kwenye usukani na mwingine kwenye mkate wa bekoni, akacheka. Mkewe akamgeukia.

"Wewe cheka tu. Si wewe uliyempeleka kule?"

Hefin akameza kicheko pamoja na mkate.

Walikuwa wameondoka Pontypridd asubuhi, na sasa wako Rhaeadr, katikati ya nchi, mvua ikinyesha kidogo na kukatika kama mtu asiyejua anachotaka. Meli ya Ireland ingeondoka Holyhead kesho saa mbili na robo asubuhi. Usiku wangelala humu garini, na kabla ya usiku kulikuwa na mchana mzima wa kutumia. Familia hii ikiwa safarini hulala penye baiskeli: kituo cha msituni chenye maegesho, choo, na njia zilizowekewa vigingi vya rangi. Kijani ni ya watoto, buluu ya wanaojifunza, nyekundu ya wanaojua, na nyeusi ya wasiosikia.

Hefin alikitaka Llyn Garw, kituo kipya chenye mabafu ya maji moto, bomba la kuoshea baiskeli, na lori la kuwapandisha watu mlimani ili kazi yao ibaki kushuka tu. Mererid alikitaka Parc Onnen, ambako njia ni pana, imelala kando ya mto, na mtu akianguka anaanguka kwenye nyasi. Cwm Gwinau hakikuwa na kitu. Maegesho ya magari kumi na mawili, choo ndani ya kontena, na msitu.

Na jiwe.

Baiskeli ya Mabli ilining'inia nyuma ya gari pamoja na ya baba yake. Ilikuwa haijaguswa kwa miezi kumi na mitatu, tangu siku alipoanguka kwenye jiwe la Cwm Gwinau, njia nyekundu, akavunjika mtulinga. Kesho ingevuka bahari kwenda Drogheda, kwa Heledd, binti mdogo wa dada yake Hefin. Mabli mwenyewe ndiye aliyesema apewe Heledd. Alisema bila kulia, akiwa anapaka siagi kwenye mkate, na hilo ndilo lililomkosesha Mererid usingizi. Alimzaa mwenyewe mtoto huyu na alimjua kuwa mbishi hata wa kuvua koti. Leo anaachia baiskeli kama mtu anayerudisha kitabu maktaba. Kesho baiskeli ikishavuka maji, basi, Mabli na baiskeli wameachana. Mererid alikuwa amejiambia kwamba hilo ni jema, mifupa itapumzika. Alikuwa bado anajiambia.

"Unataka nini kule?" aliuliza sasa, sauti ikiwa imeshuka.

"Kuangalia."

"Kuangalia nini?"

"Jiwe."

"Jiwe lina nini?"

"Sijui. Ndiyo maana."

Hefin akafuta midomo. "Ni jiwe la kufika hapa," akagusa goti lake. "Nimemwambia mwaka mzima. Alibana breki ya mbele, basi. Watoto wa miaka kumi wanalishuka wakila peremende."

"Lilikuwa hapa," Mabli akaweka kiganja kifuani.

"Haya, tumeanza."

"Lilikuwa hapa, baba."

Mererid alikuwa ameyasikia haya mezani mara nyingi kuliko taarifa ya habari. Siku ile yeye alibaki garini na chupa ya chai, na hakuwahi kuliona jiwe lenyewe. Lakini kazi yake ni kupima vyumba vya jikoni vya watu kabla ya kujengwa makabati, miaka kumi na minane sasa, na jambo moja huwa halimpiti: watu wawili kutumwa mahali pamoja na kurudi na vipimo viwili. Kwa kawaida mmoja ni mjinga. Mara chache sana ukuta ndio wenye kasoro. Ajabu ni kwamba kwa miezi kumi na mitatu alikuwa amesikia goti na kifua, goti na kifua, na hakuwahi kuuliza kama alivyozoea kuwauliza wateja: nani amepima?

Akafungua kisanduku cha mbele cha gari. Futi yake ya kupimia, ile ya chuma inayojikunja, ilikuwa pale chini ya glavu.

"Nani amepima?" akasema.

Baba na binti wakatazamana.

"Nilijua. Hefin, washa gari. Tunakwenda Cwm Gwinau. Tunakwenda kwa miguu, tunapima, tunarudi, mwishowe nakula chakula changu kwa amani. Hakuna anayeendesha kitu."

"Na Llyn Garw?" Hefin aliuliza. "Nilikuwa nimeshauota ule mvuke wa bafu."

"Utajifuta kwa kitambaa kama babu yako."

*

Saa nane mchana walikuwa kwenye maegesho, magari matatu tu, na kondoo mmoja aliyesimama mlangoni pa choo kama mwenye zamu. Mererid alifunga kamba za viatu. Alipoinuka, Mabli alikuwa ameishusha baiskeli.

"Hiyo inakwenda wapi?"

"Kufuli lililopo ni moja, mama, na baba ameshafunga yake. Tuiache iibiwe kabla Heledd hajaiona?"

Ilikuwa kweli, kufuli la pili lilibaki nyumbani. Mererid aliona pia kofia ngumu imening'inizwa kwenye usukani wa baiskeli, na kinga za magoti ndani ya kofia. Akafunga mlango wa gari. Anayetaka kujua jambo lazima wakati mwingine aache mtu aendelee.

Walipanda kwa dakika arobaini, kisha wakaanza kuteremka. Mabli alisukuma baiskeli mwenyewe na kukataa msaada. Hefin alikwenda mbele akieleza kila kona: hapa unainua kitako, hapa unaangalia mbali, hapa usiguse breki kabisa. Mabli alikuwa akihesabu vigingi vyekundu kwa sauti ndogo, na alipofika cha kumi na tisa akasimama.

"Kile kinachofuata," akasema.

Jiwe lilikuwa pale, jeusi kwa unyevu, limelala kwa upana wa njia. Kwa juu lilikuwa bapa kama meza, halafu likakatika ghafla. Chini yake njia iliendelea kwenye changarawe na kupinda kushoto kati ya misonobari. Kando yake palikuwa na kijia chembamba cha kuzunguka, kwa wasiotaka. Na chini kabisa, mzee mmoja mwenye koti la mvua alikuwa akishindilia kokoto kwa beleshi.

"Mnashuka?" aliuliza, akisogea pembeni.

"Tunapima," Mererid alisema.

"Aa." Mzee aliitikia kana kwamba watu huja kila siku kupima. "Mimi Dilwyn Beleshi."

Hakukuwa na haja ya kuuliza jina hilo limetoka wapi. Huku kila bonde lina akina Dilwyn wanne, na kila mmoja hupewa la kazi yake asije akalipishwa dhambi za mwenziwe.

Mererid akashuka kwa kijia, akapiga goti kwenye changarawe, akavuta futi. Hefin akainama upande mmoja, Mabli upande wa pili, wote kama wanaosubiri majibu ya daktari.

"Sentimita sitini na mbili," Mererid akasema.

Hefin akasimama wima, akalipima kwa mguu wake. Lilipita goti kidogo tu. "Mnaona? Goti. Goti na kidole. Sikusema?"

Mabli alikuwa akilitazama jiwe kwa uso ambao Mererid hakuwa ameuona tangu hospitali. Si hasira, si machozi. Ni uso wa mtu aliyeambiwa kwamba macho yake mwenyewe hayaaminiki. Basi ndivyo? Mtoto ameogopa jiwe la sentimita sitini na mbili, na mama yake amemleta hadi mlimani kumthibitishia kwa futi?

Halafu akatazama chini, mahali alipokuwa amepiga goti. Changarawe ilikuwa tofauti. Mpya. Kule mbele kwenye kona ilikuwa ya kijivu na imesagika, hapa ilikuwa ya buluu na bado ina kingo kali.

"Dilwyn," akasema, "hizi kokoto zimewekwa lini?"

"Nyingine leo. Nyingi mwaka jana, Agosti. Toroli kumi na moja, na mgongo wangu unazikumbuka zote."

"Kwa nini ziliwekwa?"

Mzee akaegemea beleshi. "Watu wakishatua hapa wanaingiwa na woga, wanabana breki, gurudumu linachimba. Kila mvua inabeba kidogo. Sisi wa kujitolea huja Jumapili ya kwanza ya mwezi kuziba. Lakini mwaka jana tulikosa ya Juni na ya Julai. Nusu yetu ni wafugaji, dada, ilikuwa kukata kondoo manyoya, na mvua ilichelewesha kila kitu. Tulipokuja tukakuta shimo. Mimi niliingia humo mguu mmoja nikadhani nimefika Australia."

"Kina chake?"

"Hilo sikupima."

"Una chuma kirefu chenye ncha?"

Alikuwa nacho, cha kutafutia mizizi. Mererid akakichoma kwenye changarawe karibu na ukuta wa jiwe, akaegemea kwa uzito wake wote hadi kikagonga udongo mgumu na kukataa. Akashika kwa vidole mahali kilipoishia, akakitoa, akapima.

"Thelathini na moja," akasema. Kisha, kwa kuwa hakuna aliyekuwa akijumlisha, akajumlisha yeye. "Tisini na tatu."

Nyumbani kwao, kwenye fremu ya mlango wa jikoni, kulikuwa na mistari ya penseli, na Mererid aliijua bila kuitazama. Julai mwaka jana Mabli alikuwa sentimita mia moja arobaini na nane. Akamvuta binti yake kwa mkono, akamsimamisha, akakadiria, akaweka kiganja chini ya mbavu zake.

"Hapa. Si gotini, si kifuani. Hapa, kwa urefu uliokuwa nao."

Mabli akatazama kiganja cha mama yake. "Nilisema lilikuwa kubwa."

"Ulisema."

Hefin alikuwa amekaa kwenye kisiki. Alivua kofia yake, akaivaa tena.

"Nilimwambia afuate gurudumu langu," akasema. Hakuwa akimwambia mtu hasa. "Nilipita kwa kasi, na magurudumu yangu ni makubwa, nikaliruka shimo bila kulijua. Yeye akaja polepole, kama nilivyomfundisha mwenyewe."

"Ndiyo," Mererid akasema.

"Mwaka mzima nimemwambia alibana breki."

"Ndiyo, Hefin. Mwambie yeye, mimi nilikuwa nakunywa chai."

Hefin akamgeukia binti yake. "Haikuwa breki, Mabli. Lilikuwa shimo. Nilipaswa kushuka kwa miguu kwanza nikaangalia, halafu ndiyo nikuite. Nisamehe."

"Sawa," Mabli alisema, kwa namna watoto wa umri huo wanavyosema sawa huku wakitazama pembeni. Lakini pembeni penyewe palikuwa ni jiwe. Akalizunguka. Akalipanda, akasimama juu yake, akachungulia. Akashuka, akakanyaga changarawe kwa kisigino mara mbili, tatu. Akamuuliza Dilwyn kama imeshikana. Dilwyn akajibu imeshikana kuliko ndoa yake, na hiyo ina miaka arobaini na moja.

Kisha akarudi juu ilipo baiskeli, akavaa kofia na kinga za magoti.

"Mabli," Mererid alisema.

"Siwezi kumpa Heledd kitu ninachokiogopa, mama. Ataniuliza inaendaje. Nitamwambia nini?"

Mererid alikuwa na majibu. Kuna kijia cha kuzunguka. Kuna mvua. Kuna meli kesho, na hospitali ya karibu ni Bronglais, saa nzima kwa barabara. Aliyapanga yote ulimini. Lakini futi ilikuwa bado mkononi, na futi imesema sitini na mbili, na chini pamejaa. Hakuwa na kipimo kingine cha kumpa mtoto.

Pia aliona, kwa kuwa macho yake hayajui kupumzika, kwamba Mabli alipokaa kwenye kiti cha baiskeli magoti yalipanda hadi karibu na usukani. Sentimita tisa za mwaka mmoja. Chombo hiki kilikuwa cha Heledd kweli. Mabli anahitaji kingine.

Mabli akairudisha baiskeli nyuma ya jiwe hatua kama ishirini, akaigeuza.

"Baba, usiniambie kitu."

"Sisemi," Hefin akasema, akaweka mkono mdomoni.

"Mama, umesimama njiani."

Ilikuwa kweli. Mererid alikuwa katikati kabisa ya mahali pa kutua, miguu imepanuka, kama mtu anayezuia mlango. Akajitazama. Akaikunja futi, akaitia mfukoni, akapanda kwenye majani kando ya Dilwyn Beleshi.

"Njoo," akasema.

Na Mabli akaja.