Katuni ya Mtu wa Shimoni

Tangu asubuhi Irine hakutulia kitini. Kwenye kompyuta ya duka lake la fotokopi, pale Nyangoto, alikuwa akijifunza kutengeneza katuni: mtu anashuka kwenye shimo la dhahabu. Alimchora picha moja moja mpaka chini kabisa. Hapo akashindwa kumwacha mle chini. Upesi akazinakili picha zote, akazipanga kinyume, mtu akapanda.

Mumewe, Magige, aliyekuwa mlangoni akivaa buti za kwendea shimoni, akachungulia, akacheka.

"Umekosea, mke wangu! Kiroba cha mawe kiko wapi? Nani anatoka shimoni mikono mitupu?"

"Atoke hivyo hivyo!" Irine akafoka. "Mimi sikuolewa na kiroba."