Gauni la Felicitas wa Zamani

Umewahi kukutana na mtu sokoni, akakutuma ukajisalimie mwenyewe? Felicitas wa Temeke yalimkuta, enzi zile za Mwingereza, mumewe Adelard akiwa karani forodhani. Alikuwa ametoka hospitali, homa ya matumbo imemla miezi mingi na kumbakiza nusu. Mama muuza samli akalitazama lile gauni lake la maua ya zambarau, akasema, "Huyo bibi mnene aliyekupa nguo, msalimie sana. Ana roho nzuri."

Felicitas akajibu kwamba salamu zitafika.

Nyumbani nako kulikuwa na mambo yake. Pete ya ndoa ilimtoka ikazama kwenye unga, ugali ukachelewa. Akikaa kigodani mifupa inalalamika, na ngozi ya mikono inaning'inia kama soksi za askari zilizolegea. Mbele ya kioo aliipapasa shingo, hana hakika ni ya nani, na siku nyingine alilia. Lakini asubuhi akiinama aliviona vidole vyake vya miguu, ambavyo zamani tumbo lilivificha, akaviosha mwenyewe kimoja kimoja, na moyo ukafurahi. Hilo hakumwambia mtu. Jirani yake Tunu alikuwa akimletea uji wa ulezi pamoja na machozi. Ungemwambiaje mtu kama huyo kwamba wewe una furaha?

Akaenda kwa fundi Najmuddin apunguziwe gauni. Fundi akalishika pindo, akaliachia. "Kukata rahisi, mama. Ukinenepa mie nitaunga na nini? Subiri mwili urudi."

Mara ikaja habari kwamba mama mkwe, Ma Apolonia, yuko njiani kutoka Bukoba. Adelard hakupata usingizi.

"Atasema nakunyima chakula," akamwambia mkewe. "Kwetu mke akikonda, anayeulizwa ni mume. Jizungushie khanga ndani. Siku ya kwanza tu."

Felicitas akajiviringishia khanga zote za sandukuni, gauni likajaa, akawa yule wa zamani, ila alitembea kama kabati linalohamishwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

Ma Apolonia akamkumbatia, akambana kwelikweli, na fundo la kwapani likaachia. Khanga ya kwanza ikashuka miguuni. Ya pili ikaifuata. Bibi akarudi nyuma, akatazama chini.

"Mwanangu, unazaa nguo?"

Adelard akaanza kueleza habari za homa. Mama yake hakumsikiliza. "Mshahara wote unakula peke yako? Hebu litazame hilo tumbo lako."

"Mama, anakula."

"Anakula nini, upepo?"

Tunu, aliyekuja kumwona mgeni, akadakia kwamba uji wake ungefanya kazi kama ungetiwa siagi. Ma Apolonia akasema hapana, dawa ni ndizi na samli, asubuhi na jioni, na asitoke nje mpaka mashavu yarudi. Adelard akaahidi debe zima la samli. Wakaupanga mwili wa Felicitas kama watu wanaojenga banda, mwenyewe kasimama katikati yao, jasho linamtiririka, gauni limemwanguka begani.

Akaokota khanga, akaikunja, akaiweka kitini.

"Mama, nisamehe," akasema. "Mie sitaki kunenepa. Yule wa zamani nimemlilia, yatosha. Mwili huu nimeuzoea, nao nautaka. Adelard, kesho twende wote kwa fundi, umwambie wewe mwenyewe akate."